Lindo ni Dakika Tisini

Ndugu wasomaji mlio katika majeshi yetu na katika polisi, hakuna hata mmoja kati yetu asiyejua maana ya lindo. Askari aliyepangiwa zamu ya kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi za alfajiri hawezi kusimama mbele ya afande wake kulipokucha, akajitetea kwamba alikuwa macho kwa muda wa saa tatu, na kwamba ile saa moja aliyosinzia ndiyo kwa bahati mbaya aliyoichagua adui kupita. Utetezi wa namna hiyo hauna mahali popote pa kupokelewa. Lindo ni zamu nzima, tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Tumeanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linalotujia akilini kila tunapoikumbuka safari ya timu yetu ya taifa, Uganda Cranes, katika mwaka 2025. Sisi si makocha, wala hatudai kuwa na ujuzi kuwapita wale waliokabidhiwa kazi hiyo. Sisi ni wapenzi wa kandanda tu, tuliozoea kutazama michezo hiyo katika kantini za kambini, wengine wamekaa juu ya makreti ya soda na wengine wamesimama mlangoni kwa kuwa zamu yao inakaribia. Lakini mpenzi naye ana haki ya kusema aliyoyaona, mradi aseme kwa haki na bila matusi.

Hebu tuyatazame yaliyotokea Morocco katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwezi wa Desemba 2025. Tulipangwa kundi moja na Tunisia, Tanzania na Nigeria. Tarehe 23 mjini Rabat tulifungwa na Tunisia mabao 3 kwa 1. Tarehe 27, papo hapo Rabat, tulitoka sare ya bao 1 kwa 1 na ndugu zetu wa Tanzania. Tarehe 30 mjini Fes tulifungwa na Nigeria mabao 3 kwa 1. Tukarejea nyumbani na pointi moja, tukiwa wa mwisho katika kundi.

Matokeo hayo kila mtu anayajua. Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni saa ya kila bao. Katika michezo hiyo mitatu tulifungwa mabao saba, na yote saba yaliingia kabla ya dakika ya 70. Sisi tulifunga mabao matatu, na yote matatu yaliingia baada ya dakika ya 70. Denis Omedi aliwafunga Tunisia mchezo ukiwa umekwisha kabisa kwa hesabu. Uche Ikpeazu alisawazisha dhidi ya Tanzania zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Rogers Mato aliwafunga Nigeria wakati wao wamekwisha kupata matatu. Kwa maneno mengine, kila mara vijana wetu waliamka jogoo akiwa amekwisha wika, na adui akiwa amekwisha ingia ghalani.

Msomaji mmoja anaweza kutujibu kwamba hiyo ni dalili ya ushujaa, kuwa timu isiyokata tamaa hupigana hadi mwisho. Tunakubali kwamba moyo walikuwa nao. Lakini tunauliza, kama nguvu hizo walikuwa nazo katika dakika ya 80, zilikuwa wapi katika dakika ya kumi, Tunisia walipotufunga bao la kwanza? Askari anayeanza kupiga risasi baada ya kambi kuchomwa anaweza kuwa shujaa, lakini kambi imekwisha ungua.

Tena tusije tukadhani kwamba ugonjwa huu ni wa kuchelewa kuamka peke yake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, tukiwa kule Tizi Ouzou kucheza na Algeria katika mchujo wa Kombe la Dunia, mambo yalikuwa kinyume. Steven Mukwala alifunga mapema kabisa, kabla mashabiki wa wenyeji hawajakaa vizuri. Tukalilinda bao hilo kwa zaidi ya saa nzima ya mchezo. Kisha, baada ya dakika ya 80, tukatoa penalti mbili, na Mohamed Amoura akazifunga zote mbili, ya pili ikiwa ndani kabisa ya muda wa nyongeza. Tukamaliza nafasi ya pili katika kundi kwa pointi 18, hesabu ya kuheshimika sana, lakini nafasi ya kucheza mchujo wa mwisho haikupatikana. Na wenye kumbukumbu watakumbuka Januari 2017 mjini Port-Gentil, Misri walipotufunga bao la pekee katika dakika ya 89.

Basi tunaona kwamba hatushindwi kwa kukosa vipaji. Siku moja tunalala mwanzo, siku nyingine tunasinzia mwisho. Lindo letu bado halijatimia dakika tisini, na hilo ndilo jambo moja tunalotaka lisemwe waziwazi kabla ya kuanza kutafuta mtu wa kumtupia lawama.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuuma zaidi. Usiku ule wa Desemba 27, matokeo yakiwa sare na muda wa kawaida umekwisha pita, tulipata penalti dhidi ya Tanzania. Allan Okello akauchukua mpira, akauweka, akapiga, na mpira ukapaa juu ya mtambaa wa panya. Siku tatu baadaye Tanzania wakatoka sare na Tunisia, wakavuka kwa pointi mbili tu, wakiwa miongoni mwa timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuvuka hatua ya makundi, na tuliwapongeza kwa moyo safi, kwani jirani akipata nasi tumepata harufu ya chungu. Lakini hesabu haidanganyi. Lau penalti ile ingeingia na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa, Uganda ingekuwa na pointi tatu, nasi ndio tungevuka.

Katika kantini tulimokuwa, ukimya ulidumu kwa muda mfupi tu. Kisha matusi yakaanza. Kijana mmoja, hodari katika kazi yake na asiye na neno baya siku za kawaida, aliapa kwamba mchezaji yule asivae tena jezi ya taifa. Wengine wakamshangilia. Sajini mmoja mzee, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza na kikombe chake cha chai, akauliza swali moja: “Nani hapa ndani angekwenda kuuchukua ule mpira?” Hakuna aliyejibu. Yule mzee akanywa chai yake, wala hakuongeza neno.

Tumelifikiri swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Tukiwa katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba kazi ngumu ikitangazwa, mtu anayepiga hatua moja mbele haulizwi baadaye kwa nini hakufaulu, ila huulizwa kama alijiandaa na kama alifanya kwa uwezo wake wote. Ukimwadhibu kila aliyejitolea akashindwa, siku ya pili utapiga kelele za kutafuta mtu, na mstari mzima utabaki umesimama vile vile kama miti.

Tena watu wana usahaulifu wa ajabu. Okello huyo huyo, mwezi wa Agosti 2025 katika mashindano ya CHAN ya wachezaji wa ligi za ndani, alisimama mbele ya mpira wa penalti pale Namboole tukiwa nyuma kwa mabao 3 kwa 1 dhidi ya Afrika Kusini, mchezo ukikaribia kwisha. Akafunga. Kisha Rogers Torach akafunga penalti nyingine katika muda wa nyongeza, tukapata sare ya 3 kwa 3 na kuongoza kundi. Siku ile kila mtu alikuwa ndugu yake Okello. Ni mguu ule ule, na moyo ule ule. Kama tulikuwa naye Agosti, hapana budi tuwe naye Desemba.

Vivyo hivyo kwa walinda mlango wetu. Kule Fes dhidi ya Nigeria tuliwatumia wote watatu katika mchezo mmoja. Denis Onyango, mwenye umri wa miaka 40, ambaye alikwisha staafu timu ya taifa mwaka 2021 na akakubali kurejea alipoitwa, aliumia na kutoka wakati wa mapumziko. Salim Magoola akaingia, akatoka kwa kadi nyekundu kabla ya saa moja ya mchezo kutimia. Nafian Alionzi akaingia akiwa wa tatu, timu imebaki na watu kumi. Wapo waliocheka. Sisi hatukuona la kuchekesha. Tuliona kikosi ambacho kila mara mmoja alipoanguka, mwingine alivaa glavu akaingia. Kilichokosekana ni mpango wa kuwakinga ili wasifikie hali ile.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa giza tupu. Katika CHAN tulianza kwa kufungwa na Algeria mabao 3 kwa 0 mbele ya watu wetu, na wengi wakasema safari imekwisha. Vijana wakawafunga Guinea 3 kwa 0, wakawafunga Niger 2 kwa 0, wakatoka sare hiyo na Afrika Kusini, wakafika robo fainali. Senegal wakatutoa kwa bao 1 kwa 0, na Senegal hao ndio waliokuwa wakilitetea kombe hilo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa tunatazama mbele. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Tangu mwaka 1978, Cranes walipofika fainali mjini Accra na kufungwa na Ghana mabao 2 kwa 0, hatujapata tena kufika hapo. Hata kuingia tu katika mashindano kulituchukua miaka 39, hadi mwaka 2017. Safari hii mgeni atakuja uani kwetu. Itakuwa aibu kubwa kumpokea tukiwa bado tunapiga miayo.

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu kwa wanaohusika, kwa heshima zote. Kwanza, timu izoezwe kuuanza mchezo. Robo saa ya kwanza ina mazoezi yake, kama vile alfajiri ina utaratibu wake kambini, ambapo kila mtu huwa mahali pake kabla jua halijachomoza. Pili, dakika kumi za mwisho zifanyiwe mazoezi wachezaji wakiwa wamechoka, maana mguu uliochoka ndio unaomwangusha mpinzani ndani ya eneo la hatari na kutoa penalti. Tatu, wapiga penalti wapangwe kwa orodha, wa kwanza hadi wa tano, na wapige mbele ya kelele, si katika uwanja mtupu. Nne, vijana walioonekana katika mwaka 2025 wasitupwe kwa hasira za mashabiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa hauzibwi kwa kubomoa nyumba.

Nasi wenye sare tuna sehemu yetu. Tusisahau kwamba Magereza ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza wa ligi ya nchi hii mwaka 1968, kwamba Simba, timu ya jeshi, ilichukua ubingwa mwaka 1971, 1973 na 1978, na ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea, na kwamba Polisi walikuwa mabingwa mwaka 2005. Viwanja vya kambi vilikuwa shamba la kuoteshea wachezaji. Ni juu yetu kuuliza kama shamba hilo bado linalimwa, au tumeliacha liote majani na siku ya gwaride tu ndipo tunapolifyeka.

Lakini sehemu yetu kubwa zaidi itakuwa nyingine, nayo haina makofi. Mashindano yatakapofika, wengi wetu tutakuwa ndani ya viwanja, na hatutauona mchezo. Askari wa ulinzi uwanjani husimama akiupa mgongo uwanja, macho yake yakiwa kwa watu. Bao likifungwa, yeye hulisoma katika nyuso za mashabiki. Akiona mikono imepanda juu, hujua ni letu. Akiona watu wameshika vichwa, hujua la. Na kwa dakika zote tisini, na za nyongeza, haruhusiwi kugeuka hata mara moja, hata kama penalti inapigwa nyuma ya bega lake.

Yeyote aliyewahi kusimama hivyo anajua kwamba jambo tunalowataka vijana wa Cranes walifanye linawezekana. Tutalifanya sisi kwanza, tukiwa tumewageuzia migongo, nao walifanye mbele ya macho ya watu. Na mmoja wao akikosa akiwa amejitahidi kwa nguvu zake zote, basi akirudi kwetu akute kikombe cha chai na nafasi juu ya kreti, apumzike, kesho aende tena mazoezini.