Sabuni Ibaki Nyumbani

Likizo iliyopita baba alitupeleka, mama na sisi watoto, kwenye maporomoko ya Sanje katika Milima ya Udzungwa. Tulipanda kwa miguu ndani ya msitu, makao ya kima wa Sanje, ambaye hapatikani penginepo duniani ila katika milima hiyo. Maji huanguka kiasi cha mita 170, na chini yake mna viziwa vya kuogelea. Humo tuliwakuta jamaa wakijisugua kwa sabuni, povu likielea. Mama alipowasihi waache, walijibu kwamba maji yanayokwenda hayachafuki.

Mimi sikubaliani nao. Uchafu uliochukuliwa na maji haupotei, bali huwafikia wengine. Maji yale huteremka kuelekea vijijini na mashambani, kisha huingia mto Kilombero, ambao huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake.

Huenda mtu akasema kwamba aliyelipa kiingilio ana haki ya kuoga apendavyo. La! Kiingilio ni ruhusa ya kuingia, si ruhusa ya kumharibia maji mama aliye bondeni na ndoo yake. Msitu ule hulindwa kwa sheria ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, na siku hizi wenyeji wamekatazwa hata kuokota kuni humo. Je, ni haki mwenyeji anyimwe kuni, na mgeni aachiwe povu lake?

Basi, ndugu zangu, twendeni Sanje, tuogelee mpaka tuchoke. Lakini sabuni ibaki nyumbani.