Hata Nyuma ya Boksi Paandikwe Kiswahili

Mama yangu alipoambiwa ana sukari, aliacha soda siku hiyohiyo. Chai akainywa bila kutia kitu. Lakini hakosi kinywaji baridi baada ya chakula cha mchana, na joto la Tanga mnalijua, basi akahamia kwenye juisi ya embe ya boksi. Mbele ya boksi pameandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba ni halisi na ina vitamini C. Kwa miezi minne alikunywa boksi zima kila siku, akiamini anajitunza.

Nilipokwenda kumsalimia nikaligeuza lile boksi. Nyuma, karibu na mkunjo wa chini, palikuwa na jedwali la Kiingereza, herufi kama mbegu za mchicha. Nikawasha tochi ya simu. Sukari, gramu 12. Ningeishia hapo ningesema si haba. Ila juu ya jedwali iliandikwa kwamba hesabu hiyo ni ya mililita 100, na boksi lina 500. Kumbe ni gramu 60! Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, basi nikaleta kopo la sukari, ambalo siku hizi ni la wageni tu, nikachota kimoja kimoja kwenye kisahani mpaka vikafika 15. Mama akakitazama kile kichuguu cheupe.

"Hii yote naimeza mimi?"

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo, hata ya juisi, isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Mama alikuwa anaimaliza ya siku nzima, na ziada, kwa boksi moja.

Naye kusoma anajua. Amefundisha darasa la kwanza miaka 31. Sifa za ile juisi alizisoma zote, maana ziliandikwa kwa lugha yake. Kilichoweza kumdhuru kiliandikwa kwa lugha nyingine, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye chumvi ni vilevile. Pakiti ya tambi za haraka niliyoisoma dukani ilitaja sodiamu, miligramu 1,600. Neno chumvi halimo. Ukitaka chumvi uzidishe mara 2.5, upate gramu 4, ilhali mtu mzima anashauriwa asifikishe 5 kwa siku nzima. Mwenye presha atapigaje hesabu hiyo amesimama dukani kwa Mangi, watu wanasubiri nyuma yake?

Naliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa vyakula mwaka 2019, lidai jedwali la Kiswahili, herufi zisomeke bila tochi, na hesabu iwe ya pakiti nzima. Gharama isiwe kisingizio: Kiswahili cha kusifia bidhaa tayari kinachapwa. Nchini Chile, tangu 2016, vyakula vilivyozidi sukari au chumvi vinawekwa alama nyeusi ya pembe nane, mbele kabisa, hata mtoto aione.

Kwa sasa tazameni walau orodha ya viambato, maana kilicho kingi ndicho hutangulia. Kwenye boksi la mama yalitangulia maji, ikafuata sukari, ndipo embe.

Jumapili iliyopita alitoa kikapuni pakiti ya biskuti aliyoniwekea, haijafunguliwa. Miwani alikuwa ameivaa.

"Mwanangu, nisomee hapa nyuma."