Si Uchawi, ni Enter

Muhula uliopita kundi la watu watano lilisimama mbele ya darasa kuonyesha mradi wake, ukurasa ukafunguka mweupe pee. Kwenye laptop zao ulikuwa ukifanya kazi vizuri wiki mbili nzima. Mwalimu alisubiri dakika kumi, akaandika alama zake, akaita kundi linalofuata. Hadi leo pale kwenye vimbweta stori ni ile ile: "Walikopi hao, ndiyo maana wakashindwa kujieleza."

Hawakukopi. Iliyokosea ni seva ya wanafunzi, ile kompyuta kuukuu inayoendeshwa na klabu yetu, na mimi ni mmoja wa wanaoishika.

Iko hivi. Seva ikituma faili kwenye kivinjari, hutanguliza jina la aina yake: hii ni picha, hii ni PDF, hii ni JavaScript. Utaratibu huo, MIME, uliandikwa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed kwa ajili ya barua pepe, kisha wavuti ikaurithi. Kwenye Debian, orodha ya kiendelezi kipi ni cha aina gani imo katika faili moja ya maandishi ya kawaida, /etc/mime.types, na Apache huisoma inapowashwa. Zamani ililetwa na kifurushi cha mime-support. Kuanzia Debian 11, ya mwaka 2021, kifurushi hicho kiligawanywa na orodha ikahamia kwenye media-types.

Mradi ule ulitumia faili za .mjs. Vivinjari havina mzaha na moduli za JavaScript: seva isipotamka kwamba hii ni JavaScript, moduli haifunguki, basi. Na orodha yetu haikuwa na mjs. Ajabu, maana mfumo tulishaupandisha!

Nilipochimba nikakuta kisa. Miaka kadhaa nyuma, mtu alitaka faili za SPSS, zile za .sav, zitambulike. Akafungua /etc/mime.types, akaongeza mstari mmoja kwa mkono, akaenda zake. Hakuandika popote. Siku ya kupandisha mfumo, dpkg ikaona faili limeguswa, ikauliza kwa adabu: niweke jipya au nibaki na hili lenu? Jibu lililowekwa tayari ni kubaki na la zamani. Aliyekuwa kwenye kiti akabonyeza Enter bila kusoma. Ilikuwa saa tano usiku, umeme ulishakatika mara mbili, na aliyekuwa kwenye kiti ni mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba orodha mpya haikutupwa. dpkg iliiweka pembeni kwa jina la mime.types.dpkg-dist, na mjs imo humo. Dawa ilikuwa chumba kimoja na mgonjwa muda wote huo.

Kuna wanaosema tuachane na seva hii, tukalipie ya nje. Walipe kwa nini, kwa boom? Na huko nje nani atakuruhusu uone swali la dpkg, achilia mbali ulijibu vibaya? Programu huria imetupa kila kitu wazi: ukiandika dpkg -S /etc/mime.types unaambiwa kifurushi chenye faili. Dpkg -V media-types inakuonyesha kama limechezewa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Tunapokezana funguo za seva kama watu wanavyopokezana ndoo ya bwenini, bila neno, halafu tunashangaa ikivuja.

Msimamo wangu ni kwamba faili lililoletwa na kifurushi liachiwe kifurushi. Mstari wetu wa .sav sasa uko kwenye faili letu wenyewe ndani ya /etc/apache2/conf-available, kwa amri ya AddType, tukauwasha kwa a2enconf. Orodha ya Debian imerudi ilivyo, na ikiletwa mpya itaingia bila maswali. Kazi yote haikufika robo saa. Na anayekabidhi seva aache daftari, hata la kurasa mbili. Wana wa klabu mtanuna, lakini mimi nimeshaanza la kwangu, na ukurasa wa kwanza ni kosa langu.

Robo saa hiyo haijawarudishia wale watano alama zao. Nimemwandikia mwalimu barua, nimeambatanisha faili la zamani, lile la dpkg-dist na kumbukumbu ya Apache ya siku ile, ili aone kwamba moduli iliombwa na ikatumwa bila aina. Ninachoomba ni kundi lile liruhusiwe kuonyesha tena. Barua iko mezani kwa waziri wa taaluma wa serikali yetu ya wanafunzi tangu Jumatatu iliyopita, inasubiri saini.