Mhubiri wa mashinani afunzwe kwa lugha anayoielewa

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mjadala kuhusu makanisa humu nchini umeelemea jambo moja: vyeti. Zaidi ya miili 400 ilipatikana humo, na mahakama imeelezwa kwamba waumini walihimizwa wafunge hadi kufa. Jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti yake kwa Rais mnamo Julai 2024. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2016, serikali ilikuwa imechapisha kanuni za kuwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, ikazirudisha kabatini makanisa yalipozipinga.

Sina ugomvi na vyeti. Ndivyo vinavyonipa ugali. Hata hivyo, naona tumeruka swali la kwanza. Huyo mhubiri atafunzwa nini, wapi, na kwa lugha gani?

Wahisani wa ng'ambo huiita kazi ya kuanzisha makanisa mapya "kupanda makanisa". Hii ni tafsiri sisisi, na mzee wa kijijini akiisikia huenda akadhani watu wanakwea paa. Lakini sitiari yenyewe ni kongwe. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alikuwa mpanzi, naye Apolo mmwagiliaji. Kwetu wapanzi ni tele. Hema husimamishwa sokoni, vipaza sauti vikaletwa, na baada ya juma moja kundi jipya likaachiwa kijana mwenye bidii na Biblia moja. Mmwagiliaji ndiye haonekani.

Haikuwa hivyo daima. Katika siku za misheni, aliyeanzisha kanisa mashinani aliitwa mwalimu, kwa kuwa kibanda kilekile kilikuwa shule siku za kazi na kanisa Jumapili. Chuo cha makasisi kilichoanzishwa Freretown, Mombasa, mwaka 1903 ndicho kilichohamia Limuru 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Hata Wakikuyu waliojitenga na wamisionari baada ya mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929 hawakuidharau elimu. Walimwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, naye akafika 1935 kuwafunza makasisi wao. Walikataa kutawaliwa, kufunzwa hawakukataa.

Kwa nini basi nasisitiza lugha? Chukua kitenzi "kufunga". Kwa Kiswahili tunafunga mlango, tunafunga mzigo, na tunafunga kula. Anayefunga kula hufungua. Mfungo usio na kufuturu si mfungo tena, ni kifo. Mwanafunzi anayejadili maana hizi kwa lugha anayoiwazia atauliza: maneno haya ya Maandiko yalisemwa na nani, kwa nani, na kwa sababu gani? Yule aliyepewa kitabu cha Kiingereza asichokimudu hukariri tu, kisha hupeleka mimbarini alichokariri.

Isisemwe kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Injili, msalaba, dhambi, neema na askofu ni maneno yaliyotoka Kiarabu yakawa yetu. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikamilika 1891, na ile ya Muungano ikatoka 1952. Fauka ya hayo, Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Na pale ambapo lugha ya mama ndiyo ya ibada, nayo itumike darasani.

Kuhusu mahali, Guatemala ilitupa funzo. Mwaka 1963 chuo kimoja cha Kipresbiteri huko kiliacha kuwaita viongozi wa vijijini bwenini, kikawapelekea masomo nyumbani. Walisoma wakiendelea kulima, wakawa wanakutana na mwalimu mara kwa mara. Utaratibu huo ulienea hadi Afrika. Rwanda ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya 2018 iliwataka wasimamizi wa makanisa wawe na shahada, na maelfu ya makanisa yakafungwa. Mhubiri wa Kilifi anayeishi kwa kibarua akidaiwa shahada, ataacha kazi hiyo au ataifanya mafichoni, mahali ambapo hakuna jicho la kumwangalia.

Yamkini msomaji atauliza: je, elimu itamzuia tapeli? La. Tapeli msomi ni hatari kuliko tapeli mjinga, na huyo ni wa polisi na mahakama. Ndiyo maana mafunzo yasiishie kwa mhubiri. Wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama na vijana wafunzwe pamoja naye, wajue kusoma Maandiko na kukagua hesabu za sadaka. Kundi linaloweza kumuuliza mchungaji wake maswali haliburutwi msituni kwa urahisi.

Sisi walimu tunalo fungu letu. Idara za Kiswahili na za theolojia katika vyuo vikuu vyetu zishirikiane kuandaa vitabu vyepesi, vya bei nafuu, na istilahi zinazoeleweka. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wana shamba pana hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Shakahola imetuonyesha gharama ya ukuta huo.