Maji Maangavu Yenye Floraidi: Somo la Ubora wa Maji Lianzie Bombani mwa Shule

Kila mwaka, kuanzia Machi 16 hadi 22, Tanzania huadhimisha Wiki ya Maji, ambayo kilele chake ni Siku ya Maji Duniani. Wanafunzi hughani ngonjera, hupanda miti kwenye vyanzo vya maji na kukumbushwa kanuni waliyoizoea tangu madarasa ya awali: chuja, chemsha, hifadhi. Kanuni hiyo imeokoa maisha ya wengi, kwa kuwa vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa maji yanapochemka. Hata hivyo, kwa mtoto anayesoma kandokando ya Mlima Meru kanuni hiyo haitoshi, na katika jambo moja yaweza hata kumpotosha.

Jambo hilo ni floraidi. Maji yanapopita katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi na visima, hususan katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita; baadhi ya vyanzo vya Arusha hukizidi mara kadhaa. Maji hayo ni maangavu na hayana harufu. Mtoto anayeyanywa katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanaundwa, takriban hadi umri wa miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiwango kikubwa kikiendelea kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floraidi hubaki katika maji yaliyopungua.

Tumezoea kufundisha uchafuzi kama kosa lenye mkosaji, awe mwenye kiwanda, mwenye choo kilichobomoka au mkulima anayemwaga dawa mtoni. Floraidi ya Meru haina wa kushtakiwa. Pengine ndiyo sababu lawama humwangukia mtoto mwenyewe, akadhaniwa hapigi mswaki. Mwalimu anayeeleza chanzo cha madoa hayo humwondolea mwanafunzi aibu asiyostahili. Somo hilo lifike jikoni pia, kwa kuwa magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande nayo huweza kuwa na floraidi.

Ufumbuzi upo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeendeleza matumizi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Ugumu uko katika matunzo. Mkaa huo huchoka, na siku unapochoka maji hayabadiliki rangi wala ladha. Kipimo pekee ndicho hutambua. Ni hesabu nzuri kwa darasa la sayansi: lita ngapi zimepita, kiwango kilikuwa kipi jana, chujio libadilishwe lini.

Njia nyingine ni kuchanganya maji yenye floraidi nyingi na yale yenye kidogo. Hapo ndipo uhifadhi unapopata uzito mwingine. Chemchemi yenye floraidi kidogo ikikauka kwa kukatwa miti, haipotei kwa ujazo wake tu. Unapotea pia uwezo wa kupunguza makali ya maji mengine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za vyanzo vya maji, kikifundishwa kwa mfano huu kitaeleweka kuliko kikikaririwa.

Serikali imetekeleza mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha wenye thamani ya shilingi bilioni 520, lakini zipo kaya za vijijini ambazo bado huchota kwenye vijito. Kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza umahiri, shule za ukanda huo zingeanza kwa kupeleka sampuli ya bomba lao katika maabara ya ubora wa maji na kubandika jibu kwenye ubao wa matangazo. Sampuli ichukuliwe masika, kisha kiangazi, kwa kuwa kiwango huweza kubadilika kwa majira.