Mwalimu wa Nchi 32

Alikuwako mwalimu wa kandanda wa Kijerumani ambaye katika maisha yake alizifundisha timu 55 katika nchi 32. Jina lake ni Rudi Gutendorf. Alizaliwa katika mji wa Koblenz tarehe 30 Agosti 1926, akafariki tarehe 13 Septemba 2019 akiwa na umri wa miaka 93. Kwa hesabu hiyo watu wa mchezo humtaja kuwa ndiye mwalimu aliyetembea kuliko wote. Miongoni mwa nchi hizo 32 imo Tanzania, ambayo timu yake ya taifa aliifundisha mwaka 1981. Kwa hiyo habari zake zatuhusu, wala hatuzileti hapa kwa ajili ya kupitisha wakati.

Twapenda kusema mapema, tusije tukafahamika vibaya, kwamba Gutendorf hakuwa mbabaishaji. Wako watu ambao wakisikia kuwa mtu amefanya kazi mahali 55 husema mara moja kwamba basi huyo kazi hakuijua. Maneno hayo hayana haki. Ligi kuu ya Ujerumani Magharibi ilipoanzishwa mwaka 1963, yeye alikuwa na timu ya Meidericher SV ya Duisburg, mji wa viwanda vya chuma na makaa ya mawe. Alikuwamo humo Helmut Rahn, yule aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Hungaria katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954, lakini miaka ya Rahn ilikuwa imekwisha kusonga. Gutendorf aliwafundisha wachezaji wake kwenda mbele wote kwa pamoja wanapoupata mpira, na kurudi nyuma wote kwa pamoja wanapoupoteza, asibaki hata mmoja akitazama. Wapinzani wakija waliukuta mlango umetiwa komeo. Na kwa ajili hiyo Wajerumani wakampa jina la Rudi wa Komeo. Msimu ulipokwisha, timu hiyo ilikuwa ya pili, nyuma ya 1. FC Köln peke yake. Mfanyakazi ye yote aliyepata kusukuma gari lililokwama pamoja na wenzake atafahamu kilichofanyika pale Duisburg.

Baada ya hapo alikwenda VfB Stuttgart, na kisha Schalke 04, timu ipendwayo na wachimba makaa wa Gelsenkirchen. Aliifikisha Schalke katika fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka 1969, ikafungwa na Bayern mabao 2 kwa 1, na mwaka uliofuata katika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ikatolewa na Manchester City. Hizi si kazi za mtu asiyejua.

Lakini ndugu zetu na watazame jinsi mambo yalivyokwenda pale Hamburg mwaka 1977. Hamburger SV ilikuwa imekwisha kulitwaa Kombe la Washindi mwezi Mei. Ikamnunua Kevin Keegan kutoka Liverpool, ikampa Gutendorf timu, na kufika mwezi Oktoba Gutendorf alikuwa amekwisha kuondoka. Miaka miwili baadaye Hamburg ikawa bingwa wa nchi chini ya mtu mwingine. Je, Gutendorf alishindwa, au hakupewa nafasi? Sisi twaona kwamba miezi michache haimtoshi mtu hata kuyajua majina ya watoto wa wachezaji wake, sembuse kuibadili timu.

Na miezi michache ndiyo iliyokuwa desturi ya maisha yake. Aliiongoza timu ya taifa ya Chile katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Salvador Allende. Aliiongoza Australia tangu 1979 hadi ilipofungwa na New Zealand mabao 2 kwa bila mjini Sydney mwaka 1981, na tumaini la kwenda katika Kombe la Dunia la 1982 likaondoka pamoja na mwalimu. Katika orodha ya kazi zake, mwaka huo mmoja wa 1981 una Australia, una Nepal, una Tonga, na una Tanzania. Msomaji azitafute nchi hizo katika ramani, kisha ajiulize ni siku ngapi za mwaka ule zilipotea angani.

Mara nyingi safari za walimu wa namna hii zililipiwa na serikali ya Ujerumani Magharibi kama msaada kwa nchi zinazoendelea. Msaada ni jambo jema na mwenye adabu hushukuru. Walakini mwalimu wa msaada hulipwa na mwingine, hutumwa na mwingine, na muda wake ukiisha huondoka hata kama somo lilikuwa katikati. Sisi wenyeji tulizoea kumpokea uwanja wa ndege kwa shangwe, kumpa nyumba na gari, kisha kumwachia timu yote peke yake kana kwamba ni mganga mwenye dawa yake mkobani. Hatukumwuliza: Nani atakaa karibu nawe? Utakapoondoka, nani atayajua unayoyajua? Lawama hiyo hatumtupii Gutendorf. Ni yetu.

Tutoe mfano wa Mjerumani mwingine. Dettmar Cramer aliitwa Japani mwaka 1960 kuitayarisha timu kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Katika michezo hiyo ya 1964 Wajapani waliifunga Argentina mabao 3 kwa 2, jambo ambalo halikutarajiwa na mtu. Lakini Cramer hakuwa mwalimu mkuu kwa jina. Timu ilikuwa mikononi mwa Mjapani, Ken Naganuma, naye Cramer alikaa ubavuni akifundisha. Alipofunga mizigo yake aliwashauri wenyeji waanzishe ligi ya nchi nzima na wawafundishe walimu wao wenyewe. Ligi ikaanza mwaka uliofuata, 1965, ikiwa na timu 8, nazo zilikuwa hasa timu za wafanyakazi wa makampuni: watu waliokuwa zamu mchana na mazoezini jioni. Mwaka 1968 huko Mexico, Naganuma akiwa mwalimu, Japani iliwafunga wenyeji mabao 2 kwa bila, yote mawili ya Kunishige Kamamoto, ikatwaa medali ya shaba. Cramer alikuwa amekwisha kwenda zake, na elimu yake ilikuwa imebaki Tokyo.

Kwa nini Gutendorf hakuacha alama ya namna hiyo? Tukiwa wakweli, mahali pamoja aliiacha. Mwaka 1999, mzee wa miaka sabini na ushei, alikubali kwenda Rwanda, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Alitakiwa aunde timu moja ya vijana ambao wengine wao walikuwa wamewazika ndugu zao, na wengine jamaa zao walikuwa katika upande uliotenda. Kumtaka kijana wa namna hiyo ampe mwenzake pasi, na aamini kwamba mwenzake atamrudishia, si jambo la kuchora ubaoni. Mwezi Aprili 2000 timu hiyo ilikwenda sare ya mabao 2 kwa 2 na Côte d'Ivoire mjini Kigali, katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Haikufuzu. Lakini Gutendorf mwenyewe, aliyefanya kazi mahali kwingi hivyo, aliihesabu kazi ya Rwanda kuwa ndiyo aliyojivunia kupita zote. Twamwelewa, na twaona kwamba hapo lile komeo la Duisburg lilipata maana nyingine kabisa: kwenda mbele pamoja na kurudi pamoja.

Turudi nyumbani. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola liliipeleka Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Mwalimu alikuwa Mpolandi, Slawomir Wolk, naye Mtanzania Joel Bendera alikuwa pamoja naye bega kwa bega. Mwaka uliofuata akaja Gutendorf, akaondoka. Wakaja wengine, wakaondoka. Tanzania haikuziona tena fainali hizo hadi 2019. Hatusemi kwamba miaka 39 hiyo ni kosa la mtu mmoja aliyepita kwa muda mfupi; kusema hivyo ni upuuzi. Twasema kwamba katika miaka hiyo tuliwabadili walimu mara nyingi, na wasaidizi wao Watanzania tuliwabadili pamoja nao, hata kila aliyekuja alianza na a, be, che.

Ndiyo maana twawataka wenye madaraka ya mchezo huu wauandike mkataba kwa namna nyingine. Mwalimu wa kigeni aje, na akitoka Koblenz au Kongo ni sawa. Lakini mkataba umtaje Mtanzania atakayekaa naye, useme nini atafundishwa, na Mtanzania huyo asiondolewe siku mgeni anapoondolewa. Gharama yake ni ndogo kuliko tiketi za ndege.

Wasemao kwamba haiwezekani na wakumbuke Januari 2024 kule Côte d'Ivoire. Mwalimu mgeni alifungiwa fainali zikiendelea, baada ya timu kufungwa na Morocco mabao 3 kwa bila. Hapakuwa na wakati wa kutafuta mwingine ng'ambo. Hemed Suleiman, msaidizi wake, akashika timu, ikatoka sare na Zambia, kisha na Kongo. Mwezi Novemba mwaka huohuo, jijini Dar es Salaam, akiwa yeye mwalimu, Tanzania iliifunga Guinea bao 1 kwa bila na kufuzu tena. Alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi siku zote.