Kujiita «Metre» hakumpi mwenye nyumba nguvu ya kukufukuza

Barua inafika mlangoni: stempu kubwa, Kifaransa kizito, na mwishoni sahihi ya «Metre» fulani. Inasema familia itoke ndani ya saa 48, la sivyo polisi watakuja. Aliyeandika ni mwenye nyumba mwenyewe, na hajawahi kuapa kama avoka hata siku moja. Lakini mpangaji anaogopa, anafunga magodoro na kuhama usiku.

Woga huo ndio silaha ya mwenye nyumba. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangaji wa nyumba za kuishi katika nchi yetu, inataka mpangaji apewe taarifa mapema. Mkikosa kuelewana, shauri linapelekwa kwanza kwenye ofisi ya Habitat kwa upatanisho, kisha kwenye tribinali ya amani. Hata avoka wa kweli hawezi kukutoa nyumbani. Anayeamua ni hakimu.

Ukipokea barua ya namna hiyo, usisaini kitu, usitoe funguo. Uliza jambo moja: hukumu iko wapi? Piga picha ya barua, kisha uende kwenye baro. Kila avoka jina lake liko kwenye orodha yao. Likikosekana, mtu huyo amejipa cheo kisicho chake, na unaweza kumshtaki kwenye parke. Kama huna pesa, omba ofisi ya baro inayotoa mashauri ya bure.

Tusidanganyane: mwenye deni la nyumba anapaswa kulipa, na nyumba nyingi zinalisha wajane na wazee. Tunza kila risiti, na kumbuka kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kupita miezi mitatu. Lakini deni la nyumba si wizi. Halimpeleki mtu kasho, na polisi si wakusanyaji wa kodi.

Baro nazo zina kazi hapa. Orodha ya mavoka ikibaki ofisini mwao, mama anayeuza ndizi Butembo ao Bunia ataionea wapi? Ibandikwe kwenye kila ofisi ya kartie, karibu na watu wanaotishwa. Metre wa uongo atapungukiwa na wa kuwatisha.